Daktari wa kisu aliyejifunza kuweka kisu chini

UKIMWULIZA mkazi yeyote wa mjini daktari mpasuaji wa kansa hufanya kazi gani, atakujibu bila kusita: hukata. Kansa ikiingia, kisu kifuate. Familia nyingi humpima daktari huyo kwa ujasiri wake wa kukata. Aliyekata sana ndiye aliyejaribu, na yule anayesema "hili hatutalikata" huonekana mwoga, au mtu anayengojea kitu kidogo mfukoni ndipo afanye kazi.

Madaktari wenyewe husimulia mambo kwa njia nyingine. Kukata na kushona, husema, mtu mwenye mikono mitulivu na mwalimu mzuri hujifunza kwa miaka michache. Kinachochukua muda mrefu ni kujua ni lini kisu kitamsaidia mgonjwa na ni lini kitamwongezea mateso tu. Somo hilo halimo katika kitabu kimoja. Wengine hustaafu kabla hawajalipata.

Mmoja aliyelipata, tena hapa hapa Afrika Mashariki, ni Denis Parsons Burkitt. Alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Huenda hujawahi kulisikia jina lake. Hata hivyo, ukiingia katika wadi ya watoto wenye kansa mjini Kisumu au kule Pwani, utalikuta limeandikwa kwenye faili zilizoning'inia vitandani: limfoma ya Burkitt. Hiyo ni kansa ya chembechembe nyeupe za damu ambayo huvimbisha taya la mtoto, au tumbo lake, kwa kasi isiyo na mfano.

JICHO MOJA

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, lakini akili yake ilikuwa kwa ndege. Aliwanasa ndege wadogo karibu na nyumba yake, akawavisha pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anatawala kipande gani cha ardhi. Wataalamu wa ndege wanamtaja hadi leo kwa kazi hiyo. Zikumbuke ramani hizo, msomaji, kwa sababu mwanawe naye aliishia kuchora zake.

Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipigwa jiwe na wavulana waliokuwa wakitupiana mawe. Miwani yake ikavunjika na akapoteza jicho moja. Kwa mtu ambaye angekuja kuwa mpasuaji hilo lilikuwa pigo, maana macho mawili ndiyo yanayompa binadamu kipimo cha umbali. Anayetumia jicho moja hulazimika kujifunza upya jinsi ya kutia uzi kwenye sindano, sembuse kushika mshipa wa damu unaovuja ndani ya tumbo la mtu.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kutia fora. Muda si muda alibadili akaanza udaktari, akisukumwa na imani yake ya Kikristo, na akahitimu 1935. Miaka mitatu baadaye alipita mtihani wa chuo cha wapasuaji cha Edinburgh, ambao wakati huo ndio uliokuwa mlango wa taaluma hiyo. Alifanya kazi kama daktari wa meli hadi nchi za Mashariki ya Mbali, na huko baharini ndiko alikoamua kwamba maisha yake yatakuwa katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza.

Lakini serikali ya kikoloni ilimkataa. Aliomba kazi Afrika Magharibi akaambiwa mtu wa jicho moja hafai. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia njia. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi, akaletwa Afrika Mashariki, akahudumu Kenya na Somalia, na alipokuwa likizoni akaiona Uganda. Baada ya vita aliomba tena. Safari hii jicho halikutajwa.

MABUSHA YA LIRA

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Daktari wa wilaya siku hizo alikuwa kila kitu. Alizalisha, akaunga mifupa, akakata vidole vilivyooza, akatoa ushahidi mahakamani. Hakuna aliyemtuma kufanya utafiti.

Kilichomshangaza huko Lira ni mabusha. Wanaume walimjia kwa wingi kufanyiwa upasuaji wa ugonjwa huo ambao watu wa Pwani yetu wanaujua vizuri pamoja na ndugu yake matende. Mpasuaji mwingine angekata, akashona, akaita anayefuata. Burkitt akaanza kuwauliza wagonjwa swali jepesi: wewe umetoka wapi? Alipoyaweka majibu pamoja aliona kwamba mabusha yalikuwa mengi kwa watu wa mashariki mwa wilaya na machache mno kwa watu wa magharibi. Wilaya ni moja, watu ni wale wale na chakula ni kile kile, lakini ugonjwa umechagua upande. Maelezo yake ni minyoo midogo inayosambazwa na mbu, ambayo ilikuwa imejaa upande mmoja na haba upande wa pili. Aliyaandika hayo katika jarida la Lancet mwaka 1951.

Makala hayo hayakumpa sifa kubwa. Yalimwachia tabia moja tu, ya kumwuliza mgonjwa anakotoka kabla ya kumwuliza anaumwa wapi.

MTOTO WA MULAGO

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, iliyokuwa pia hospitali ya mafunzo ya Chuo cha Makerere. Alikuwa na wadi za upasuaji, foleni ya wagonjwa isiyokwisha na wanafunzi wa kufunza. Huko alikaa karibu miaka kumi bila ya jambo lolote la kuandikwa magazetini.

Siku moja mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari aliyesimamia wadi ya watoto, alimwita amtazame mvulana wa umri wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umeumuka. Meno yalikuwa yamelegea na kupinda. Uvimbe ulikuwa pande zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto.

Hilo ndilo lililomkera Burkitt. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja. Kansa ya mfupa huanza mahali pamoja ikaenea. Sasa ni ugonjwa gani huu unaochipuka pembe nne kwa wakati mmoja? Hakujua. Alipiga picha na mtoto akarudi wadini, na haukupita muda akafa.

Wiki chache baadaye alikuwa mjini Jinja akipita wadi za hospitali ya huko. Akatupa jicho dirishani na kumwona msichana mdogo ameketi nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka nje akamtazama kinywani: pembe nne. Akampapasa tumbo na kukuta uvimbe mwingine humo.

Yapo mambo ambayo mtu akiyaona mara moja huyaita ajabu na kuyasahau, na akiyaona mara mbili hukosa usingizi. Burkitt alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, akaanza kuwatafuta watoto waliokufa kwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ini, wa ovari. Kila uvimbe ulikuwa umeandikwa jina lake na kuwekwa katika fungu lake, kana kwamba ni magonjwa mbalimbali. Alipoyasoma mafaili pamoja aliona kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa pia na uvimbe wa tumboni. Yote yalikuwa maradhi mamoja. Wataalamu wa maabara wa Mulago, hasa Mmarekani Greg O'Conor, walipoyatazama kwa hadubini walikubaliana naye na kusema ni limfoma, kansa inayoanzia katika chembechembe za kinga ya mwili.

Haki itendeke hapa. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona uvimbe huu. Sir Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameuchora katika daftari zake miongo mingi nyuma. Wala Cook naye hakuwa wa kwanza. Akina mama wa Buganda, wa Busoga na wa kandokando ya Ziwa Victoria waliujua vyema, kwa sababu ndio waliokuwa wakiwazika watoto. Burkitt alichoongeza ni kuviunganisha vipande.

KISU KILISHINDWA

Mpasuaji akiona uvimbe, mkono wake huwasha. Ndivyo alivyofunzwa. Madaktari wa Mulago walijaribu kukata, na matokeo yake yalikuwa ya kuhuzunisha. Kuliondoa taya la mtoto wa miaka mitano ni kumharibu sura yake maisha yake yote, na maisha yenyewe yalikuwa ya wiki chache. Uvimbe huu unaweza kuongezeka ukubwa maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Kabla ya kidonda kukauka, uvimbe mwingine umeota pembeni mwake, na ule wa tumboni umeziba figo. Mashine za miale ya kuchomea kansa hazikuwapo Uganda.

Hapa ndipo taaluma yake ilipogeuka. Angeweza kuendelea kukata na kujifariji kwamba amefanya awezavyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alitoka nje ya chumba cha upasuaji akaanza kuuliza lile swali lake la Lira: watoto hawa wanatoka wapi?

Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Karibu hakuna aliyeyasoma. Akapewa ruzuku ya pauni 25, fedha ambazo leo hazitoshi kununua kiti cha ofisini, akachapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni kote barani. Je, mmeuona ugonjwa huu? Majibu yalipowasili alichoma pini kwenye ramani ukutani. Pini zikafanya mshipi uliopita katikati ya Afrika, kaskazini na kusini mwa Ikweta, ukiwa na mkia ulioshuka hadi Msumbiji. Kwingineko hapakuwa na kitu.

GARI LA PAUNI 250

Ili kujua mshipi huo unaishia wapi hasa, Burkitt alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250. Aliandamana na madaktari wawili waliokuwa wakihudumu Uganda, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ambaye alikuwa fundi stadi wa magari, na Cliff Nelson kutoka Canada. Waliondoka Kampala Oktoba 1961, wakasafiri wiki kumi na kwenda maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, wakipita Tanganyika, Malawi ya leo, Msumbiji na Rhodesia hadi Afrika Kusini. Ilikuwa miezi ile ile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijitayarisha kupandisha bendera yake ya uhuru, Desemba 9.

Waliingia hospitali zaidi ya hamsini. Katika kila moja Burkitt alitoa picha zake na kuuliza kama watoto wa namna hii huonekana hapo. Daktari mmoja angejibu kwamba huwaona kila mwezi. Wa mji wa jirani, ulio mlimani, angejibu kwamba amefanya kazi miaka ishirini hajaona hata mmoja.

Aliporudi na kuyapanga majibu, aligundua kwamba mpaka wa ugonjwa ulifuata mwinuko wa nchi. Karibu na Ikweta ugonjwa haukupatikana juu ya futi 5,000 hivi. Kadiri alivyokwenda kusini ndivyo mpaka ulivyoshuka, hadi futi 1,000. Mwanzoni alidhani ni kimo chenyewe. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, ndiye aliyemwonyesha kwamba kilichobadilika ni joto. Uvimbe ulikuwa unaishi mahali penye joto na mvua ya kutosha, na Haddow aliijua ramani ya namna hiyo kwa moyo. Ni ramani ya wadudu wanaouma.

Kenya ni mfano ulio wazi. Ukiwa Kisumu au Kilifi ugonjwa huu si mgeni. Ukipanda hadi Nyeri au Limuru ni nadra mno. Mwaka 1964 watafiti waliofanya kazi hapa nchini wakiongozwa na Mmarekani Gilbert Dalldorf waliyaangalia maeneo hayo na kuhusisha uvimbe na malaria kali inayompata mtoto mara kwa mara. Miaka michache baadaye Burkitt mwenyewe aliiunga mkono fikira hiyo. Utafiti wa baadaye, ukiwemo uliofanywa magharibi mwa Kenya, umeipa nguvu. Malaria huichosha na kuivuruga kinga ya mtoto, na kuwapa nafasi virusi fulani viliotee humo.

CHUPA YENYE UKUNGU

Virusi hivyo navyo vina kisa chake. Machi 22, 1961, kabla ya ile safari ya Ford, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London. Nyuma ya ukumbi aliketi mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulikia virusi vya kansa ya kuku. Aliposikia kwamba kansa ya watoto inafuata hali ya hewa, alitaka vipande vya uvimbe siku hiyo hiyo.

Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilikatwa Kampala, vikatiwa kwenye chupa na kupakiwa katika ndege ya usiku kutoka Entebbe. Epstein alitazama kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Kisha Desemba 1963, ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu na ikapelekwa Manchester. Chupa ilipomfikia Epstein ilikuwa imechelewa, na maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote angedhani bakteria wameingia na kuitupa. Epstein alichukua tone moja akalitazama. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa chembe hai za kansa, zilizobanduka kutoka kwenye kipande na kuelea zenyewe majini. Akiwa na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong alizikuza, na Februari 1964 wakaviona virusi ndani yake. Ndivyo vinavyoitwa hadi leo Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuleta kansa kwa binadamu.

Karibu kila mtu mzima duniani anavyo, na wengi havijawafanya lolote. Hiyo ndiyo sababu ramani ilihitajika. Virusi viko kila mahali, lakini uvimbe ni wa kawaida hasa pale penye malaria nyingi.

SINDANO

Tumrudie mtoto, kwa kuwa pini za ramani hazikumponya yeyote.

Wakati huo dawa za kemikali za kuua kansa zilikuwa changa. Jijini Nairobi, katika hospitali ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenyatta, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akiwatibu watoto wenye uvimbe huo kwa ushirikiano na madaktari wa kansa kutoka New York, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen. Burkitt naye alipata dawa hizo Kampala: methotreksati, saiklofosfamidi, vinkristini. Hakuwa na maabara ya kupima damu kila siku kama wenzake wa Marekani. Alitoa dozi ndogo kwa hofu ya kuwadhuru watoto.

Uvimbe uliyeyuka. Mtoto aliyeingia wadini hawezi kufunga mdomo aliweza kula katika siku chache. Wengine uvimbe uliwarudia wakafa. Lakini wapo waliopata sindano moja au mbili tu, wakaenda kwao na wasiugue tena, jambo ambalo madaktari wa New York waliona vigumu kuliamini. Kansa iliyomfanya mpasuaji ashindwe ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuponyeka kwa dawa peke yake. Januari 1966 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana Kampala kuzungumzia matibabu hayo. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kuwatibu watoto hao kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda, ambayo wagonjwa kutoka nchi jirani wameitegemea kwa miongo mingi.

Burkitt mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi ya dawa za kansa. Miaka yake iliyobaki aliitumia kuwahubiria Wazungu wale nafaka zisizokobolewa, baada ya kuona kwamba kansa ya utumbo, iliyokuwa ya kawaida kwao, ilikuwa nadra kwa wakulima wa Afrika. Hilo ni somo la siku nyingine, ingawa sisi tunaonunua unga mweupe kama theluji tungefaa kulisikia. Alifariki Machi 23, 1993. Jina lake linajulikana duniani kote. Ya wale watoto waliolala katika meza zake, na ambao vipande vya miili yao vilipanda ndege kwenda London, hayatajwi.

MIAKA KUMI NA MITANO

Kijana Mkenya anayetaka kazi hii leo hupitia njia ndefu kuliko ya Burkitt. Husomea shahada ya udaktari miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, ambapo hulala kidogo na kukemewa sana. Baada ya hapo kwa kawaida huhudumu kwa muda kama daktari wa kawaida, mara nyingi katika hospitali ya kaunti. Ndipo aanze upasuaji wenyewe, miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Nairobi au vyuo vingine, au katika hospitali zilizoidhinishwa na chuo cha wapasuaji cha nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa 1999. Hapo ni mpasuaji wa jumla. Akitaka kansa pekee huongeza mafunzo mengine, na wengi wamelazimika kuyafuata ng'ambo. Ukijumlisha, ni miaka kumi na mitano hivi tangu atoke shule ya upili, na umri wake unakaribia thelathini na mitano.

Mambo mengi anayofunzwa ni ya kukata, na ni haki. Uvimbe wa titi au wa utumbo ukikutwa mapema, kisu bado ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote. Lakini sehemu ya mafunzo hufanyika mezani bila kisu. Hospitali kubwa huwa na kikao ambapo mpasuaji, mtaalamu wa dawa za kansa, wa miale, wa picha na wa maabara hulijadili faili moja baada ya jingine. Mpasuaji kijana husikia mgonjwa aliyetamani kumkata akipangiwa dawa kwanza, au miale, au kupewa tu nafuu ya maumivu. Walio wanyenyekevu hujifunza haraka.

Mfano mwingine uko Bomet. Wagonjwa wengi wa kansa ya umio, ile njia ya chakula, huwasili wakiwa wamechelewa na hawawezi kumeza hata maji. Katika hospitali ya Tenwek wapasuaji wamewatia maelfu yao mrija wa waya unaojitanua wenyewe ndani ya koo. Hakuna kifua kilichopasuliwa. Kansa haijaondoka, ila mzee anakunywa uji wake na kurudi nyumbani.

Kwa limfoma ya Burkitt, kazi ya mpasuaji imebaki ndogo ila haiwezi kurukwa. Yeye ndiye anayekata kipande kidogo cha kupelekwa maabara, au anayefungua tumbo pale utumbo unapoziba. Baada ya hapo mtoto ni wa wadi ya dawa.

DALILI, NA KOSA LA WIKI YA PILI

Mzazi anayeishi au mwenye jamaa kandokando ya ziwa, magharibi au Pwani, ajue yafuatayo. Ugonjwa huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na minane, wavulana kuliko wasichana. Meno yanayolegea kabla ya wakati wake, taya au shavu linalokua siku hadi siku bila maumivu makali, jicho linalosukumwa nje, tumbo linalovimba, au miguu inayolegea ghafla, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali kubwa wiki hiyo hiyo. Mtoto akishang'olewa jino moja na la pili likalegea, msimrudishe kwa mng'oaji. Kwa uvimbe unaoongezeka maradufu ndani ya siku mbili, mwezi mmoja wa kujaribu tembe na dawa za kienyeji ni muda mrefu mno.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya tisa katika kila kumi wenye kansa hii hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu si kwamba dawa zetu ni nyingine. Zile za wakati wa Burkitt bado ndizo msingi wa tiba. Watoto hufika wakiwa wamechelewa. Damu na dawa hukosekana siku ambayo dozi inatakiwa. Na kuna kosa moja ambalo wauguzi hulisimulia kwa uchungu. Baada ya sindano ya kwanza uvimbe huyeyuka na uso wa mtoto hurudi kama zamani. Mama amewaacha wengine nyumbani, nauli ya kurudi inahesabika, na mtoto anacheza kwenye korido. Anaaga.

Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Kozi nzima huchukua wiki kadhaa, dozi baada ya dozi, na uvimbe ukirudi mara ya pili dawa zile zile huwa hazifui dafu tena. Kwa hiyo muulize daktari kabla ya kuondoka wadini: dozi zimebaki ngapi, na tarehe ya inayofuata ni ipi? Iandikwe kwenye kadi ya mtoto, na kadi ikae na aliye na nauli.